Jembe Kutoka Koboko

Ulimi wangu hauna breki, na hilo mume wangu alilijua kabla hajanioa. Mimi ni mtoto wa kambini. Baba yangu alikuwa askari, tukalelewa kwa Kiswahili cha kuamrishana: njoo hapa, nyamaza, nani amelamba sukari. Kilugbara nilikuja kujifunza kwa wakwe zangu huku Manibe, nje kidogo ya Arua, na mpaka leo nikikasirika narudi kwenye Kiswahili, maana ndicho kinachotoka bila kubisha hodi. Kwa hiyo siku yule mama wa Koboko alipotokea shambani kwangu na jembe begani, alikisikia Kiswahili changu chote.

Lakini nianze na mkono.

Mume wangu alikuwa mwendesha boda, anapaki katika steji moja ya mjini Arua. Ni mtu mpole, anayependa kucheka, na pikipiki yake aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Kiti chake nilikifumia kitambaa kwa nyuzi nyekundu na kijani, chenye vishada pembeni, na wenzake wakamtania mpaka wakachoka kwamba anaendesha bibi harusi. Yeye alicheka nao na kitambaa hakukitoa. Wateja walimjua kwa kitambaa hicho.

Jioni moja, jua bado halijazama, kijana mmoja alimkodi ampeleke Manibe. Alikuwa amebeba gunia lililokunjwa kwapani, jambo ambalo hapa halimshangazi mtu, kila mmoja ana gunia. Walipoiacha barabara kubwa na kuingia njia ya mashambani, kijana akaomba wasimame ajisaidie. Mume wangu akasimama, akageuka kumwambia afanye haraka, akaona panga linashuka. Akainua mkono wa kulia kujikinga. Kijana akaondoka na pikipiki. Watu waliokuwa wakitoka kupalilia walimkuta mume wangu amekaa chini, amejifunga mkono kwa shati lake, anawauliza kama kuna aliyeona bodaboda yenye vishada imepita wapi.

Hospitali walijaribu. Mwishowe wakakitoa kiganja, wakabakisha mkono unaoishia juu ya kifundo. Nilikaa kando ya kitanda nikaapa kwamba nikimpata aliyefanya hivyo nitamtafuna mbichi.

Walimpata kabla yangu, tena upesi. Alikuwa amefika Koboko na anamtafuta mfanyabiashara wa kuivusha pikipiki ng'ambo, Sudan Kusini. Mpumbavu yule hakukitoa kitambaa cha kiti. Mwendesha boda mmoja wa Koboko, aliyewahi kumtania mume wangu, akamwona bibi harusi anaendeshwa na mtu mwingine, akapiga simu Arua, na kabla simu haijakatika wenzake walikuwa wameshamzunguka mwizi. Polisi ndio waliomtoa mikononi mwao. Mimi nilisema wangechelewa kidogo tu, na nilikuwa na maana hiyo kabisa.

Polisi wakatueleza kwamba unyang'anyi wa kutumia silaha ni kesi ya Mahakama Kuu, na kwamba sheria inaruhusu mtu ahukumiwe hata kifo. Kijana akapelekwa mahabusu kungoja zamu yake. Hapo roho yangu ikatulia kidogo. Nikajiambia, haya, na anyongwe, sisi tuendelee kutafuta maisha.

Kutafuta maisha kwenyewe kukawa kugumu. Mvua zikaja. Mume wangu alijifunga jembe kwenye kipande cha mkono kilichobaki kwa mpira wa tairi, akapiga mara chache, jembe likachomoka likaruka, karibu limkate mguu. Akarudi kukaa mlangoni. Mimi asubuhi nilikuwa nikiuza chai na mihogo ya kukaanga barabarani, nikitoka hapo nakwenda kulima peke yangu, nikirudi napika. Watoto bado wadogo. Nililima kwa hasira, na hasira hailimi mistari iliyonyooka.

Ndipo akatokea yule mama. Nilifika shambani nikamkuta amesimama kwenye mpaka, mrefu, mwembamba, amefunga kitenge kilichopauka, jembe begani. Nikadhani amepotea njia. Akaniamkia vizuri, kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha huku:

“Mimi ni mama ya ule kijana alikata mzee yako. Nimekuja lima.”

Nilimpa vidonge vyake. Nilimuuliza alimnyonyesha maziwa gani yule shetani wake. Nilimuuliza kama anajua mwanamume anajisikiaje akifungwa vifungo vya shati na mkewe kama mtoto mchanga. Nilimwambia jembe lake alipeleke akachimbie kaburi la mwanawe, maana muda si mrefu atalihitaji. Majirani walisimama kusikiliza, na wasiojua Kiswahili walielewa vilevile.

Yeye alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinamisha uso. Nilipoishiwa pumzi akavua ndara zake, akaziweka pembeni ya shamba kwa adabu, akaanza kulima. Nikamfuata nikamnyang'anya jembe. Hakuvutana nami, aliliachia tu. Kisha akapiga magoti akaanza kung'oa majani kwa mikono. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Nikalitupa jembe lake karibu naye, nikaenda kulima upande mwingine wa shamba, tukiwa tumepeana migongo.

Jua lilipokuwa kali alishuka mtoni akanywa maji, akarudi. Nyumba yangu aliiona kutoka pale alipokuwa, na mtungi wangu aliuona. Sikumpa maji.

Alikuja kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka shamba likaisha. Alikuwa akilala kwa jamaa yake mjini Arua na anafika kwetu kwa miguu. Tulipomaliza kupanda akarudi Koboko. Nikasema, haya, ameondoka, shari imeondoka. Wakati wa kupalilia akaja tena. Wakati wa kuvuna karanga akaja, akavuna, hakubeba hata kiganja kimoja cha karanga.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na jibu. Alisema yule mama halimi karanga, analima huruma ya jaji. Anataka siku ya kesi watu waseme kwamba familia ya mkosaji ni watu wema, ili mwanawe apunguziwe. Nilikubaliana naye moja kwa moja. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, tena ningelima wilaya nzima. Watoto wangu walimzoea, wakawa wanampelekea maji kwenye kibuyu. Sikuwakataza. Lakini mimi mwenyewe sikumpelekea hata mara moja. Alikuwa na mkataba wake na jaji, na sikutaka maji yangu yaingie kwenye mkataba huo.

Kidogokidogo nikamjua bila kutaka. Watoto wake wengine walikufa, baadhi wakiwa wadogo, baadhi miaka ile ya vita, watu walipokuwa wakikimbilia Congo na kurudi. Aliyebaki ni huyu mmoja, wa mwisho, mwenye panga. Hakumtetea hata siku moja. Hakusema alidanganywa na marafiki wala alikuwa amelewa. Alisema tu kwamba huyo ndiye wa kumzika, na kama atakaa ndani mpaka yeye afe, basi atazikwa na majirani. Alilisema hilo mara moja, tukichambua karanga, akaendelea kuchambua.

Mwaka uliofuata wazee wa ukoo wao walikuja kutoka Koboko kukaa na wazee wa mume wangu. Kwetu ndivyo mambo ya damu yanavyotulizwa. Watu wanakaa, wanasemezana mpaka uchungu unaisha mdomoni, anachinjwa mbuzi, na pande mbili zinakula sahani moja. Mkishakula pamoja hivyo hamwezi tena kudaiana kisasi. Ugali wa muhogo ukawekwa katikati, nyama pembeni, wakanawa.

Mume wangu alikuwa na mkono wa kushoto tu. Na kwetu kuingiza mkono wa kushoto katika sahani ya watu ni jambo lisilotazamika. Akasita. Wazee wote wakaangalia mahali pengine, nami nikataka kupiga kelele. Yule mama, ambaye alikuwa ameitwa akae karibu kwa sababu jambo ni lake, akauficha mkono wake wa kulia ndani ya kitenge, akanyoosha wa kushoto, akamega ugali, akala. Mume wangu akamtazama. Kisha naye akamega, na wengine wakafuata.

Nililia siku ile. Nilijificha jikoni, nikasingizia moshi.

Sasa hapo ndipo tulipokosea, sisi sote, pande zote mbili, kwa nia njema kabisa. Wazee walitangaza kwamba jambo limekwisha. Na kwa akili yetu lilikuwa limekwisha kweli. Baada ya kula mbuzi yule, kusimama tena mbele ya wageni na kusema huyu alinikata ni kukirudisha chakula mezani. Kwa hiyo polisi walipoleta hati ya kumwita mume wangu shahidi, aliipokea kwa heshima, akaichomeka kwenye paa, na siku ya kesi akaenda Inde kumsalimia dada yake mwingine. Tulikuwa tunamsaidia kijana. Mlalamikaji akikosekana, tulisema, jaji atamwambia nenda nyumbani.

Yule mama aliamini hivyohivyo. Alikipaka udongo upya kibanda cha mwanawe kule Koboko, akanunua shati, akaja Arua akasimama nje ya mahakama tangu asubuhi na shati lake kwenye mfuko wa plastiki. Jioni lori la magereza likatoka, kijana yumo ndani, likampita.

Alifika kwetu na mfuko ule mkononi. Hakugomba. Alimuuliza mume wangu tu: si tulisema iko kwisha? Mume wangu akaichomoa ile hati kwenye paa, akaigeuzageuza. Mimi ndiye niliyekasirika, maana siwezi kuona mtu anauliza swali asijibiwe. Kesho yake nikamshika mkono yule mama tukaenda mahakamani, nikamkalia kooni karani mpaka akatusikiliza.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, lakini hakutudharau. Alitueleza polepole. Kesi si ya mume wangu, alisema, ni ya serikali. Mume wangu ni shahidi. Shahidi asipokuja, mshtakiwa wa kosa kubwa hivi haachiwi aende nyumbani, anarudishwa ndani kungoja kikao kingine, na vikao vya jaji kwa kesi kubwa haviji kila mwezi. Jaji hukaa, humaliza mafaili aliyopangiwa, yaliyobaki hungoja. Pengine mwaka, pengine zaidi. Kwa hiyo kutokuja kwetu hakukumtoa kijana. Kulimweka.

“Kwa hiyo mkono ulikuwa wa serikali?” nikamuuliza. “Basi serikali ije ilime.”

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia jambo ambalo laiti tungelijua mapema. Yule mbuzi hakuliwa bure, alisema. Mapatano yana mahali pake mahakamani, lakini mahali pake ni mwisho, jaji anapopima adhabu. Hayawezi kuifuta kesi, ila yanaweza kuipunguza hukumu, na ili yapunguze lazima mwenye mkono aje ayaseme mwenyewe. Tulitoka pale. Yule mama alikuwa akiukunja ule mfuko wa shati, akiukunjua, akiukunja.

Mvua zikapita, zikaja nyingine, zikapita. Jembe la Koboko halikukosa hata msimu mmoja. Mume wangu alijifunza kuendesha mkokoteni wa kuuza maji, anausukuma kwa kifua na mkono mmoja, na akaanza tena kucheka. Lakini zilikuwepo asubuhi nyingine alizoamka mbaya, hataki kuguswa, na siku hizo alikuwa akisema yule kijana afie hukohuko, mbuzi au si mbuzi. Nilimwelewa. Siku nyingine hata mimi nilisema hivyo, nikichungulia dirishani nikamwona yule mama ameinama shambani, nikanyamaza nikiwa nimejikasirikia.

Hatimaye kikao kikaja, na safari hii tulikwenda sote. Wakili aliyepewa kijana na serikali alitukuta nje, kwenye benchi, akatueleza kwa Kiswahili, kwa sababu yule mama Kiingereza hakijui na mimi ninachokijua ni cha kuuzia chai. Kijana amekubali kosa, hataki kesi iendeshwe. Sasa linalobaki ni miaka. Zamani, wakili alisema, kwa baadhi ya makosa sheria ilimfunga jaji mikono kabisa. Mtu akipatikana na hatia, adhabu ni moja, kifo, hata jaji angetaka vingine. Siku hizi jaji ana nafasi ya kupima. Lakini haanzi kupima kutoka sifuri. Kwa unyang'anyi kama huu upo mwongozo, unamwanzisha kwenye miaka thelathini na mitano. Kutoka hapo anaweza kupanda, anaweza kushuka, na akishuka lazima aeleze kwa nini. Panga linampandisha. Mkono uliokatwa unampandisha. Ujana, kukiri, kutowahi kufungwa, kupatana, hivyo vinamshusha.

Yule mama alisikiliza yote. Kisha akauliza, hiyo thelathini na mitano ikiisha, yeye atakuwa yupo? Wakili akaangalia viatu vyake.

Ndani tulikaa benchi moja, mimi katikati. Kijana akaletwa. Nilikuwa nimemkumbuka kama jitu. Ni kijana wa kawaida, mabega membamba, ana macho ya mama yake. Akaulizwa kama anakubali, akasema anakubali, sauti haikufika kwetu, jaji akamtaka arudie.

Wakili wa serikali, yule anayeshtaki, alikuwa dada mmoja mdogo, mkali, nadhifu. Aliomba miaka yote thelathini na mitano. Alisema waendesha boda wanawabeba watu mgongoni mwao kwa kuwaamini, na anayeua imani hiyo anaiumiza barabara nzima. Alisema mtu anayetoka nyumbani na panga kwenye gunia hakuteleza, alipanga. Alisema mkono haupandwi ukaota. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yale niliyoyasema kwa miaka, ila yeye aliyapanga vizuri na kwa Kiingereza, na mkalimani akayarudisha kwa Kiswahili moja baada ya jingine. Haki ya Mungu, sikuweza kuyasikiliza. Na hakuna hata moja lililokuwa uongo.

Jaji akauliza kama aliyeumizwa yupo, na kama ana la kusema. Mume wangu akasimama. Mkalimani, kwa mazoea ya kazi, akamwambia ainue mkono wa kulia aape. Akauinua. Mkalimani akaangalia chini.

Usiku kucha nilikuwa sijui atasema nini, na sidhani kama yeye alijua. Alisema hivi, nayakumbuka kwa sababu yalinichoma:

“Mheshimiwa, mimi sijamaliza kusamehe. Iko asubuhi naamka natafuta mkono yangu, nataka anyongwe. Iko asubuhi nasikia jembe ya mama yake kwa shamba, sitaki. Mfunge, kwa sababu alinikata. Lakini usimfunge mpaka huyu mama akufe bila mtoto.”

Akakaa. Jaji alimuuliza kama kuna mtu amemlazimisha kusema hayo, au amemwahidi kitu. Mume wangu akasema hapana, na kwamba mke wake asingekubali. Watu wakacheka kidogo, hata askari wa magereza. Jaji hakucheka, lakini aliandika.

Alitusubirisha mpaka mchana. Aliporudi alisoma bila haraka. Alisema anaanzia thelathini na mitano kama anavyopaswa. Alisema barabara si mali ya familia mbili, ni ya kila anayepita, kwa hiyo mbuzi wa familia mbili hawezi kuifuta kesi ya barabara. Lakini akasema pia kwamba mahakama itakayojifanya haikuona watu waliokula pamoja itakuwa imejifumba macho yenyewe. Akakiri kwamba kijana ni mdogo, kwamba amekubali kosa, kwamba hajawahi kufungwa. Akashuka mpaka ishirini. Halafu akasema muda aliokaa mahabusu ni wake, lazima utolewe, pamoja na ule mwaka na zaidi ambao shahidi hakufika. Hapo alitutazama juu ya miwani yake, na mimi, ambaye simwogopi mtu, nikaangalia kucha zangu. Ikabaki kumi na sita.

Kijana alipokuwa akitolewa aligeuka. Hakumtazama mama yake kwanza, alimtazama mume wangu, akaviweka viganja vyake pamoja kifuani, viwili, vizima. Mume wangu alimwinulia kidevu kidogo, kama anavyowajibu wateja asiowajua vizuri. Kisha kijana akamtazama mama yake mpaka mlango ukafungwa.

Nje, chini ya ukuta, mama aliniuliza ni mingapi. Alikuwa amemsikia mkalimani, lakini alitaka asikie kwangu. Nikamwambia. Akafikiri.

“Atanikuta?”

Ningeweza kumdanganya, wengine wangesema Mungu ni mwema, atakukuta. Nilimtazama shingo yake, mishipa ilivyotokeza, na mikono iliyolimishwa mpaka ikakataa kunyooka. “Sijui, mama,” nikasema. Akaitikia kwa kichwa, nadhani alishukuru. Safari hii hakuwa amekuja na shati.

Tulimsindikiza mpaka zinapojaza gari za Koboko. Usoni hakuonyesha chochote. Alipanda, akakaa dirishani, gari ikajaa, ikaondoka.

Jioni wifi yangu alikuja kusikia habari. Alisema, haya, mkono uliokuwa unakulimia umekwenda, sasa tafuta mwingine. Mume wangu naye akakubali, ila yeye kwa upole. Mama amepata kilichokuwa kinapatikana, alisema, tusimtegemee tena. Nikasema ni kweli. Sikumlaumu hata kidogo. Amelima miaka yote ile kwa ajili ya mwanawe, jaji ameona, jaji ameshuka. Kazi yake imekwisha, naye ni mzee, na apumzike kwake. Lakini nilipokuwa naosha vyombo nilijikuta nimekasirika, wala sikujua nimemkasirikia nani.

Mvua za kwanza zilipokuja mwaka huu sikuangalia barabarani. Niliunoa ulimi wa jembe, nikapanga na mume wangu kwamba nitaacha biashara ya asubuhi mpaka shamba liishe. Siku ya pili baada ya mvua kubwa niliwahi kuamka, nikawasha moto, nikasikia kutoka shambani sauti ile. Jembe linaingia kwenye udongo mbichi, linatua, linaingia. Nilidhani ni jirani ameukosea mpaka, nikatoka na maneno yangu tayari mdomoni.

Ndara zilikuwa pembeni ya shamba, zimewekwa kwa adabu. Alikuwa ameshamaliza mstari mmoja na yuko katikati ya wa pili, polepole kuliko mwaka jana, akipumzika baada ya kila hatua. Ameondoka Koboko lini hata akafika saa ile, sikuuliza. Nilimsogelea mpaka karibu. Aliniamkia bila kuacha kulima.

“Mama,” nikamwambia, “kesi imekwisha. Jaji hawezi kupunguza tena. Unalima nini?”

Akasimamisha jembe, akajiegemeza kwenye mpini, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetoka mbali.

“Mkono ya mzee yako imerudi?”

“Haijarudi.”

“Basi,” akasema, akainama tena.

Kisha nikarudi nyumbani kuchukua jembe langu, na maji yake ya kunywa.